Dunia Ambayo Milima Haichoshi

Kwai, Lushoto
2 Septemba 1973

Kwako dada yangu mpendwa Efrazia,

Shikamoo dada. Na shemeji Abrahamu akirudi kazini mfikishie shikamoo yangu pia. Baridi ya mwaka huu haikuwa na huruma. Ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tano za mchana, lakini tumeivuka, na nyumba nzima tu wazima. Baba anakohoa asubuhi kama ulivyomzoea, na Jumapili bado anafika kanisani kabla ya mpiga kengele. Mwanao Secilia yupo, mzima, anakula, na ninapoandika haya yuko jikoni anagombana na kuni mbichi. Nimelitanguliza hilo makusudi, ili mengine uyasome kwa moyo uliotulia. Ninayo habari ambayo sikutaka uipate kwa kinywa cha mtu mwingine, nami nitaifikia kwa utaratibu wake.

Barua hii anakuletea Silvano, kijana wa mzee Nathanaeli jirani yetu, aliyekuja likizo kutoka huko kwenu relini. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kambi ya shemeji iliondoka Makambako tangu mwezi wa tatu, na kwamba sasa mnakaa upande wa Mbeya. Dada, laiti ungejua tulivyowatafuta! Barua yangu moja ilirudi imegongwa muhuri kwamba mpokeaji amehama. Nyingine haikurudi wala haikujibiwa. Simu za maandishi nilizopeleka posta ya Lushoto sijui zilimfikia nani. Sikulaumu. Reli haikai mahali pamoja, na anayeijenga hutembea nayo.

Habari za nyumbani si mbaya. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Shamba la kijiji tumepanda kabichi na karoti, na siku za Jumatano kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kulima. Mimi, pamoja na kufundisha watoto, nimepewa darasa la kisomo cha watu wazima alasiri. Baba alikataa kuja, akasema Biblia anaisoma tangu enzi za Mjerumani, sasa mwanawe amfundishe a, e, i, o, u? Wenzake walicheka, naye akafurahi kuwachekesha.

Sasa nikueleze habari za mtoto. Ulipomwacha kwangu mwaka juzi, wewe na mimi tulidhani ile homa ya viungo iliyomshika akiwa na miaka tisa ilikuwa imekwisha, na kwamba hewa ya milimani ingemrudishia nguvu. Mwanzo ilikuwa hivyo. Lakini mwaka huu ulipoanza niliona anasimama mara nyingi njiani kwenda shule, akijifanya anatazama maua. Unakijua kilima chetu, kutoka mtoni mpaka darasani hakuna hata hatua moja tambarare. Ilipofika Pasaka hakuweza kupanda tena. Usiku alilala ameketi, ameegemea mito. Nikawa namletea masomo nyumbani, naye anayamaliza kabla sijavua viatu, kisha anauliza kama hakuna kingine.

Nilianza kumsimulia hadithi ili siku zisiwe ndefu. Nilimpa za sungura, za fisi, za mfalme na binti zake. Siku moja akaniambia kwa adabu kwamba amechoka na wanyama wanaosema, na kwamba yeye mwenyewe anataka kutunga hadithi ya watu wa dunia nyingine, dunia ambayo mtu hupanda mlima bila kuchoka. Nikamwambia ni rahisi, aseme tu kwamba huko milima haichoshi. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mama mdogo," akasema, "nikisema tu, nitajua kuwa nimedanganya. Nataka iwe dunia ya kutungwa, lakini isiwe na uongo ndani yake."

Dada, mimi nafundisha jiografia ya darasa la sita. Najua mito na mazao. Dunia ya kutungwa isiyo na uongo sikujua inaanzia wapi. Nikamwambia asubiri Jumamosi aje Mwalimu Issa.

Huyu Mwalimu Issa humjui. Ni mtu wa Mnazi, anafundisha fizikia sekondari ya hapo Lushoto, na mkewe Mwanahawa amejifungua pacha, kwa hiyo kila Jumamosi anapanda Kwai na baiskeli kufuata maziwa kwetu. Ni mtu mpole, anayecheka bila kutoa sauti. Nilimweleza takwa la mtoto huku nikiona haya, nikidhani ataliona la kitoto. Akakiweka chombo cha maziwa chini, akaingia ndani, akaomba kabichi.

Aliiweka ile kabichi mezani, akaleta jiko la mkaa likiwa limekolea, akamwambia Secilia kwamba kabichi ndiyo dunia yake na jiko ndilo jua. Kazi ya kwanza ni kuipatia kabichi mahali pa kukaa. Ikisogea mno, maji yote yatachemka yawe mvuke. Ikienda mbali mno, yatakuwa barafu mpaka chini. Katikati upo ukanda mwembamba ambao maji hubaki maji, na mahali penye maji mtunzi anaweza kuanza kufikiria watu. Mtoto alikaa mchana kutwa anaisogeza kabichi na kupapasa majani yake. Usiku tuliila, na Baba akashangaa kwa nini upande mmoja umeungua.

Tangu hapo kila Jumamosi ikawa ya dunia. Mwalimu Issa alikuwa na kanuni moja, naye aliirudia mara nyingi: ukibadilisha kitu kimoja, uliza ni nini kingine kimebadilika. Secilia akasema jua lake litakuwa dogo na jekundu, kwa sababu anapenda rangi ya machweo. Mwalimu akamwambia sawa, lakini jua dogo lina joto dogo, itabidi dunia isogee karibu. Na dunia ikiwa karibu sana na jua lake huacha kujizungusha kama yetu. Huligeuzia jua uso mmoja siku zote, kama mwezi unavyotugeuzia sisi uso mmoja. Upande mmoja ungekuwa mchana usiokwisha na upande wa pili usiku usiokwisha, na labda majani ya huko yangekuwa meusi ili yanywe mwanga wote hafifu unaopatikana. Majani meusi yalimpendeza sana. Ila usiku usiokuja aliukataa. Aliuliza, "Sasa mtu akichoka atalala saa ngapi?" Basi wakachagua jua la kati, dogo kuliko letu kidogo tu, na majani wakayaacha yawe ya kijani kilichoiva karibu na weusi.

Mvua niliifanya mimi, na nilijivuna. Nilimweleza jinsi upepo unavyopanda mlima ukiwa umebeba unyevu, ukapoa, ukaumwaga upande ule unaoupokea, ukateremka upande wa pili ukiwa mkavu. Ndiyo maana sisi tuna ukungu na akina Mwalimu Issa kule Mnazi, nyuma ya milima, wana jua. Secilia akachora safu ya milima, akaweka watu wa pande zote mbili, na papo hapo wakaanza kugombania mto. Nilimwambia dunia yake haijatimiza hata mwezi mmoja na tayari ina ugomvi. Akajibu kwamba kama hawagombani si watu, ni picha.

Nilimwuliza inaitwaje. Akasema haina jina bado, kwa sababu mtoto hapewi jina mpaka ionekane kama atakaa.

Lakini jambo alilolitaka tangu mwanzo lilikuwa bado. Alitaka dunia nyepesi. Mwalimu Issa akamweleza kwamba uzito wetu ni dunia inavyotuvuta, na dunia ndogo huvuta kidogo. Kwenye mwezi mtoto kama yeye angeruka akagusa paa la nyumba hii. Uso wa mtoto ukang'aa. Akaipunguza dunia yake mpaka nusu. Ndipo mwalimu, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akamwambia kwamba mvuto huohuo ndio unaoishika hewa. Dunia ikiwa nyepesi mno, hewa huitoka kidogo kidogo mpaka inaisha, na maji yanaifuata. Mwezi ni mwepesi, na mwezi hauna pumzi.

Walihesabu pamoja majuma mengi. Walipata kwamba akiipunguza mpaka kama theluthi mbili ya mvuto wetu, hewa ingebaki, kwa taabu. Akafurahi. Kisha akajikumbusha ile kanuni, akauliza ni nini kingine kimebadilika. Hewa ingekuwa nyembamba. Na kwenye hewa nyembamba anayepanda mlima huhema zaidi, hata akiwa mwepesi. Akaiongeza hewa iwe nzito. Hewa nzito ikawa kama blanketi, dunia ikapata joto, akaisogeza mbali na jua, mwaka ukarefuka, baridi ikarefuka, watu wakakaa na njaa wakingoja mavuno. Na hata hivyo dunia ile nyepesi isingeweza kulishika blanketi zito kiasi kile. Mwalimu Issa hakumdanganya hata mara moja. Jumamosi nyingine nilitamani amdanganye.

Hapa, dada, ndipo ninapoingia kwenye lile nililokuahidi.

Mwezi wa tatu nilikuwa nimempeleka kwa daktari. Akamsikiliza moyo muda mrefu, akanitoa nje, akaniambia ile homa ya zamani iliacha kovu. Ndani ya moyo kuna milango midogo ya kupitisha damu, na mmoja wa kwake umeshikamana, haufunguki sawasawa. Dawa zingemsaidia kwa muda, si kwa muda mrefu. Akasema mwezi wa saba madaktari wageni wa moyo watakuja katika hospitali kubwa ya Moshi kwa majuma machache, na wanaweza kuufungua. Ndizo habari zilizokuwa katika zile barua zisizokufikia.

Baba nilimwambia siku ileile. Akasema hapana. Hakupandisha sauti. Alinikumbusha kaka yetu Sefania, aliyeingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe akitaka kukatwa ngiri, tukamrudisha amebebwa. Akasema mtoto wa watu hapasuliwi kifua baba yake na mama yake hawapo. Nami pia nilikuwa nikimwona Sefania kila nilipofumba macho. Kwa hiyo nikaendelea kuandika barua, na Secilia sikumwambia neno.

Mwishoni mwa Juni tulikuwa tunaambua maharage, mimi na yeye, mlangoni penye jua. Akaniambia, "Mama mdogo, nimeshindwa." Nilidhani anasema pumzi. Alikuwa anasema dunia yake. Akasema ameijaribu kila namna, kubwa na ndogo, karibu na mbali, na kila dunia ambayo watu wanaweza kuishi, milima yake inachosha. Isiyochosha haina hewa. Aliambua maharage mengine kidogo, kisha akasema, "Basi dunia ibaki ilivyo. Nitengenezwe mimi. Kwani daktari alikuambia nini siku ile alipokutoa nje?"

Dada, nilimweleza. Ningewezaje kumficha, yeye aliyekataa uongo hata katika hadithi? Nilimwambia kuhusu ule mlango. Nilimwambia wanapasua chini ya titi la kushoto mpaka karibu na mgongo, na daktari anaingiza kidole chake ndani ya moyo, anauachanisha ule mlango ulioshikamana. Akauliza kama moyo unasimamishwa. Nikamwambia la, unaendelea kupiga. Akafikiri, akasema, "Basi atausikia kidoleni." Akauliza kama kuna wanaokufa. Nikamwambia wapo, si wengi. Akauliza na wasiotengenezwa je. Nikainamia maharage, naye akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa babu yake. Sikuwa ndani, kwa hiyo sijui yote waliyosemezana. Walizungumza Kishambaa, mlango umefungwa. Baba alipotoka aliniambia tu kwamba yeye bado hakubali. Nami nikaamua kumpeleka hata hivyo. Asubuhi ya safari, tulipofika barabarani kungoja basi la kushuka Mombo, tulimkuta amekwisha fika, amevaa koti lake la ushemasi na fimbo mkononi. Alimpakia mtoto kwanza, akapanda yeye, na kutoka Mombo mpaka Moshi alimshikilia begani ili asirushwe na mashimo ya barabara.

Hospitalini waliuliza nani mzazi. Nilisema wazazi wako mbali na hawapatikani, mimi ni mama yake mdogo. Wakampa Baba kalamu kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Aliishika, kisha akanipa mimi. Akasema, "Yunis, mimi nimekwisha kuandika moja." Nikajua anamsema Sefania. Nikatia sahihi mimi.

Ndiyo habari yenyewe, dada. Mwanao alipasuliwa mwezi wa saba, na aliyeruhusu ni mimi.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi. Baba hakusali kwa sauti kama anavyosali nyumbani. Baada ya muda mrefu akaniuliza ile dunia ya mtoto ikoje, maana amekuwa akisikia habari za kabichi Jumamosi zote bila kuelewa. Nikamweleza. Nilimweleza jua lake, mvua yake, safu ya milima, watu wanaogombania mto. Akauliza wanalima nini. Nikamwambia mboga za majani ya kijani karibu na weusi. Akasema yeye kabichi nyeusi hali, hata huko mbinguni wakimpa. Akacheka, na kicheko kilipomwishia akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakamtikisika. Nilimshika mkono. Sikumbuki kama tangu niwe mtu mzima niliwahi kumshika Baba mkono.

Daktari alitoka mchana, amechoka, akasema umefunguka. Alituonyesha kidole chake cha shahada kana kwamba ndicho anachotaka tukishukuru.

Sitakuficha mengine. Siku za kwanza aliumia sana, na homa ilimpanda ikashuka. Kovu ni refu, limezunguka ubavu, na litakaa naye. Daktari amesema kila mwezi lazima achomwe sindano ili ile homa isirudi, na kwamba miaka mingi mbele huenda ule mlango ukashikamana tena. Lakini sasa analala amejinyoosha. Midomo yake ina rangi. Juzi alikwenda shule kwa miguu yake, akapumzika mara moja tu, akafika analalamika kwamba mlima unachosha. Mwalimu Issa alipoambiwa hivyo alicheka mpaka, kwa mara ya kwanza, tukaisikia sauti yake. Na ile hadithi anaendelea kuitunga. Imefikia mahali wale watu wa pande mbili wanakaa kikao kuhusu mto, na hataki niisome kabla hawajapatana.

Sasa nimekwisha kusema, na ninangoja neno lako. Kama shemeji amekasirika, ana haki. Mwambie sikumdharau. Kuhusu kutia sahihi siombi radhi, maana ningeulizwa tena ningetia tena. Ninachokuomba unisamehe ni kwamba saa ile hukuwepo, na nafasi yako niliikalia mimi. Haikunitosha. Alipozinduka kutoka kwenye dawa hakuniita mimi, wala babu yake. Alikuita wewe, mara nyingi, kwa sauti ndogo, akauliza uko wapi. Nami, niliyeapa kutomwambia mtoto huyu uongo, nilimwambia uko njiani.

Dada, usiniache niwe mwongo. Silvano atakueleza njia ya kuja, na chumba chako nimekwisha kukifagia.

Baba anakusalimu na kukubariki. Secilia anasema shikamoo mama, shikamoo baba. Mwalimu Issa na Mwanahawa, ambao bado hamjaonana, wanakusalimu pia. Mungu awalinde huko mlipo, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Yunis Hezekia